Manute Bol: walilipa tiketi ili wamshangae, yeye akapeleka feza kwa wakimbizi

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Aprili mpaka Juni, kuko vijana wa Goma wenye hawalale vizuri. Hapo siyo juu ya risasi, ni juu ya basketi. Ni kipindi cha pleyofu za NBA, ni kusema zile mechi za mwisho wa msimu kwenye ekipe mbili zinakutana mara na mara mpaka moja iondoke. Mechi yenye inaanza saa moja na nusu ya jioni kule New York, hapa kwetu ni saa saba na nusu ya usiku. Ile ya California inaweza kuanza saa kumi, karibu na alfajiri. Mtu anaweka telefone kwa chaji mapema juu umeme unaweza kukatika, ananunua mega, anapunguza sauti asiamshe watoto. Asubuhi anafika kazini macho mekundu, lakini anajua nani alishinda.

Goma ina sababu yake ya kufuata. Jonathan Kuminga alizaliwa hapa hapa Goma tarehe 6 Oktoba 2002, na mwaka 2022 alipata ubingwa wa NBA pamoja na Golden State Warriors, akiwa na miaka 19 tu. Tangu siku hiyo jina la Golden State linajulikana hata na watu wenye hawajui sheria moja ya basketi.

Lakini miaka 33 mbele ya ubingwa wa Kuminga, ekipe ile ile ilikuwa na Mwafrika mwingine kwenye pleyofu. Alikuwa mtoto wa nchi jirani yetu, Sudan Kusini, nchi yenye inapakana na Haut-Uélé na Ituri, na yenye vita vyake vinafanana na vyetu kwa mambo mingi. Jina lake ni Manute Bol. Alikufa tarehe 19 Juni 2010, siku mbili nyuma ya Los Angeles Lakers kushinda Boston Celtics katika mechi ya saba ya finali.

Watu wengi wanamkumbuka kama mtu mrefu wa kuchekesha. Ni kweli alikuwa mrefu, na ni kweli alichekesha. Ila kuko swali lenye linatugusa sisi wa mikoa ya mashariki: feza zenye mashabiki walikuwa wanalipa ili wamuone, zilienda wapi?

Mchungaji wa ng'ombe

Kwa makaratasi, Manute Bol alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1962, upande wa Gogrial na Turalei, kaskazini-magharibi ya nchi yenye sasa tunaita Sudan Kusini. Wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Sudan moja, yenye mji mkuu wake ni Khartoum. Tarehe yenyewe ni ya makaratasi kweli, juu kijijini hakuna mtu aliandika siku alizaliwa. Yeye ni wa kabila la Wadinka, watu wa ng'ombe, na katika ukoo wake urefu haukuwa ajabu. Babu yake alikuwa chifu na anasimuliwa kwamba naye alikuwa mrefu kupita watu wote.

Utoto wake ulikuwa ule wa watoto wa wafugaji wenye tunawajua hata huku kwetu Masisi: kuamka mapema, kufuata ng'ombe, kulala karibu nao, kuwalinda. Hadithi yenye ilimfuata maisha yote ni ile ya simba. Inasemwa kwamba alimkuta simba amelala, simba mwenye alikuwa anamaliza ng'ombe, na akamuua kwa mkuki. Kule Marekani watu waliipenda sana hadithi hiyo, wakamuuliza kila mara, naye alikuwa anajibu kwa mzaha.

Alianza na mpira wa miguu, lakini urefu ulimtoa kwenye mchezo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanza basketi mjini Wau, baadaye akaenda Khartoum. Siku za kwanza za kujifunza kutia mpira ndani ya kikapu kwa mkono, meno yake yaligonga kwenye ringi na kuvunjika. Khartoum haikuwa rahisi kwa mtu wa kusini. Wadinka walidharauliwa, na mtu mwenye anaonekana toka mbali kama yeye hakuweza kujificha.

Mwaka 1982 mwalimu mmoja wa basketi toka Marekani, Don Feeley, alifika Sudan kufundisha wachezaji wa taifa. Alipomuona Bol, hakuamini macho yake. Akamshawishi aende Marekani. Bol aliondoka bila kujua vizuri Kiingereza, na mwaka uliofuata, 1983, vita vya kusini na kaskazini vikaanza tena. Vingechukua miaka 22, na karibu watu milioni mbili wangekufa kwa risasi, kwa njaa na kwa magonjwa.

Hapo ndipo habari ya mtu huyu inabadilika. Alitoka kwao kama mtu mwenye anatafuta maisha. Muda kidogo tu, akawa mtu mwenye kwao kunaungua akiwa mbali.

Makaratasi na masomo

Ekipe ya San Diego Clippers ilimchagua mwaka huo wa 1983, lakini NBA ilifuta uchaguzi huo. Paspoti yake yenyewe ilikuwa kichekesho: iliandikwa urefu wa sentimita kama 157, juu, kama alivyosimulia yeye, walimpima akiwa amekaa. Mtu mwenye amewahi kutafuta makaratasi kwa ofisi zetu hawezi kushangaa sana.

Akaenda Cleveland kujifunza Kiingereza, hakuruhusiwa kuchezea chuo cha pale. Mwishowe akapata fasi kwenye chuo kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, msimu wa 1984-1985. Kilikuwa chuo cha daraja la pili kwa michezo, lakini mwaka huo watu walijaza uwanja wao mdogo. Bol alikuwa anapata wastani wa pointi 22 na nusu kwa mechi, na kubloka mipira saba kwa mechi.

Mwezi wa Juni 1985, Washington Bullets wakamchagua katika duru ya pili, namba 31. Hapo akawa mchezaji wa NBA, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa kufika kule. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Dikembe Mutombo wetu alikuwa bado kijana wa Kinshasa, angeingia NBA mwaka 1991.

Mtu mwenye anafunga mlango

Kwa shabiki mwenye alilipa tiketi mwaka 1985 kwenye uwanja wa Bullets, pale Landover karibu na Washington, Bol alikuwa kitu chenye hakijawahi kuonekana. Alikuwa na sentimita 231. Ringi ya basketi iko juu sentimita 305, na yeye aliigusa akiwa amesimama, bila kuruka. Ila alikuwa mwembamba sana, kama kilo 90 tu, miguu kama fito. Wapinzani wenye nguvu walimsukuma kama mlango wenye haufungwi vizuri.

Lakini ule mlango ulifunga. Katika msimu wake wa kwanza, 1985-1986, alibloka mipira 397, ni kusema karibu mitano kila mechi. Hakuna mchezaji mgeni mwenye alifanya vile mbele yake, na katika historia yote ya NBA ni Mark Eaton wa Utah peke yake mwenye alipita hesabu hiyo kwa msimu mmoja. Mara mbili Bol alibloka mipira 15 ndani ya mechi moja. Wachezaji wakubwa walikuwa wanafika karibu na kikapu, wanaona ule mkono, wanarudisha mpira nyuma.

Pleyofu zake za kwanza zilikuja mwaka huo huo. Bullets walikutana na Philadelphia 76ers. Mechi ya kwanza, kule Philadelphia, Bullets walikuwa nyuma kwa pointi 17 na zilibaki dakika zisizofika nne. Wakapata pointi 18 mfululizo bila wapinzani kupata hata moja, na mpira wa mwisho wa Dudley Bradley ukaingia muda ukiisha: 95 kwa 94. Mtu mwenye alitoka uwanjani mapema ili akwepe foleni ya magari alijuta siku hiyo. Mwishowe Philadelphia walishinda mechi tatu kwa mbili, juu wakati huo duru ya kwanza ilikuwa ya mechi tano. Leo ni saba.

Mwaka 1987 wakapotea mbele ya Detroit, na 1988 tena Detroit, hii ya pili baada ya kupigana mpaka mechi ya tano. Msimu huo wa 1987-1988 Bullets walimleta Muggsy Bogues, mwenye sentimita 160. Picha ya wawili hao, wenye walitofautiana sentimita 71, ilizunguka dunia yote. Viwanja vilipata kitu cha kuuza, na watu walicheka.

Bol alijua kwamba wanacheka. Aliingia ndani ya mzaha huo yeye mwenyewe, akawa anataniana na kila mtu, na wachezaji wenzake walimpenda juu ya ulimi wake. Ila tuseme wazi: watu wamoja hawakuja kuona basketi. Walikuja kushangaa Mwafrika mrefu mwenye aliua simba. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa aibu ya kumvunja.

Oakland, 1989

Mwaka 1988 Bol alihamia Golden State, ekipe yenye ilikuwa inachezea Oakland, California. Kocha Don Nelson alikuwa mtu wa kujaribu mambo. Alimwambia yule mrefu, mwenye kila mtu alifikiri kazi yake ni kusimama chini ya kikapu, kwamba akiwa wazi atupe mipira ya mbali, ile ya pointi tatu.

Mashabiki wa Oakland hawakuamini. Bol alirusha mpira kwa mikono miwili toka juu ya kichwa, kama mtu mwenye anatupa jiwe mtoni. Kila mara alipoushika mpira mbali na kikapu, uwanja mzima ulianza kupiga kelele wakimsukuma atupe. Alitupa mara 91 msimu ule, ikaingia mara 20. Si nyingi, ila kila mara ulipoingia watu walisimama wote kama wameshinda ubingwa.

Kumbe Nelson hakuwa anacheza tu. Katika pleyofu za 1989 Golden State, wenye walikuwa namba saba upande wa magharibi, walipewa Utah Jazz, namba mbili, ekipe ya Karl Malone, John Stockton na yule Mark Eaton mwenye anabloka kila kitu. Utah walijenga ulinzi wao wote juu ya Eaton kusimama chini ya kikapu. Sasa, Bol akienda kusimama mbali kwenye mstari wa pointi tatu, Eaton afanye nini? Akimfuata, mlango unabaki wazi kwa Chris Mullin na Mitch Richmond. Asipomfuata, yule mrefu atatupa. Golden State walishinda mechi mbili za kwanza kule kule Utah, wakarudi Oakland mbele ya watu wao, wakamaliza: tatu kwa sifuri. Duru ya pili Phoenix waliwatoa mechi nne kwa moja, ila ushindi ule juu ya Utah unasimuliwa mpaka leo.

Leo watu wanaona warefu wa NBA wakitupa mipira ya pointi tatu kila siku, wanafikiri ni kitu kipya. Bol alikuwa ameanza, wakati watu walidhani ni mchezo wa kuchekesha. Msimu huo huo alikuwa wa kwanza wa NBA yote kwa kubloka, mipira 345.

Baadaye alicheza Philadelphia, akafika tena pleyofu mwaka 1991. Walitoa Milwaukee, wakatolewa na Chicago ya Michael Jordan. Mwezi wa Machi 1993, katika mechi na Phoenix, alitia mipira sita ya pointi tatu ndani ya kipindi kimoja cha mechi. Magoti yakaanza kumkataa, na msimu wa 1994-1995 ukawa wake wa mwisho katika NBA, tena akiwa Golden State. Alimaliza na mipira 2.086 ya kubloka na pointi 1.599. Alizuia mara nyingi kuliko alivyopata pointi, jambo lenye ni la kipekee katika NBA.

Feza zilienda wapi

Shabiki analipa tiketi mlangoni. Ananunua soda, ananunua jezi. Televisheni inalipa ili ionyeshe mechi. Feza hizo zinaingia kwa ekipe, na ekipe inalipa mchezaji. Wachezaji wa wakati wa Bol walijenga majumba, walinunua magari. Yeye hapana.

Wakati anabloka mipira kule Landover na Oakland, kijiji chao kilikuwa katikati ya vita. Watu wa ukoo wake waliuawa kwa wingi. Watoto wa kiume, maelfu kwa maelfu, walikuwa wanatembea kwa miguu kuelekea Ethiopia, na baadaye Kenya. Bol alienda mwenyewe kwenye kambi za wakimbizi, wakati msimu wa basketi ulikuwa umefungwa. Alirudi Washington na kupita kwenye ofisi za wabunge wa Marekani kuwaeleza kinachotokea kwao, wakati ambapo wachache tu walijali. Kwa mbunge mwenye hana muda wa kusikia habari za Sudan, mtu wa sentimita 231 mwenye anaingia mlangoni ni vigumu kumkatalia. Wenye walimcheka uwanjani walilazimika kumsikiliza ofisini.

Inakadiriwa kwamba alitoa dola milioni tatu na nusu. Ilikuwa karibu mali yake yote.

Hapa lazima tusimame kidogo, juu hili si jambo la kupita haraka kwa msomaji wa Goma, Bukavu ama Bunia. Feza za Bol hazikuenda zote kwa unga na dawa. Sehemu ilienda kwa SPLA, jeshi la waasi wa kusini lenye liliongozwa na John Garang. Yeye aliona ni jeshi lenye linalinda watu wake wasimalizwe, na watu wengi wa kusini waliona vile vile. Lakini sisi huku tunajua bunduki inavyokuwa ikishanunuliwa. Mwaka 1991 jeshi hilo liligawanyika. Watu wa Riek Machar wakageukia upande wa Bor, na raia Wadinka kwa maelfu wakauawa na watu wa kusini wenzao. Mtu anatoa feza kwa moyo safi ili kwao kulindwe, na hana njia ya kujua risasi itaelekea upande gani mwaka unaofuata. Tusimhukumu, ila tusifiche pia.

Mwenye kuwa na miaka mingi hapa Goma anakumbuka jina hilo la Machar. Mwaka 2016, baada ya mapigano ya Juba, alikimbilia Congo kupitia Garamba, na wapiganaji wake mia kadhaa waliletwa na MONUSCO, wengine wakawekwa Munigi, hapa juu ya mji. Wakaaji walilalamika, wakasema tuna vita vyetu vya kutosha. Mwaka uliofuata wengi wao walirudishwa. Mgawanyiko wa zamani wa Sudan Kusini ulifika mpaka kwenye mlango wetu.

Khartoum tena, na ngumi

Mwaka 1997 serikali ya Khartoum ilitia sahihi mapatano na makundi fulani ya kusini. Bol alirudi, akifikiri amani inakuja. Alipewa nafasi ya kuwa waziri wa michezo, lakini, kama alivyosimulia, kwa sharti la kuacha ukristo na kuingia uislamu. Akakataa. Basi akabaki pale Khartoum kama mtu mwenye amefungiwa: feza zimeisha, magoti yanauma, ruhusa ya kutoka haipatikani, na wakubwa wanamshuku kuwa jasusi wa Marekani. Ilifika mpaka 2001 ndipo akaweza kwenda Cairo, na hapo pia akangoja miezi. Mwaka 2002 alirudi Marekani, safari hii akiwa na makaratasi ya mkimbizi. Yule mwenye alikuwa analipia wakimbizi, sasa naye alikuwa katika foleni yao.

Cairo haikuwa mpya kwake. Miaka mingi mbele ya hapo, kulikuwa pale na mtoto wa Kidinka, Luol Deng, mwenye familia yake ilikimbia toka Wau mpaka Misri. Deng na kaka zake walipata mafundisho yao ya basketi kwa Bol. Jina hilo tutalikuta tena.

Akiwa Marekani bila feza, Bol alifanya mambo yenye yalishangaza watu. Mwaka 2002 alipigana ngumi kwenye televisheni na William Perry, mchezaji mnene wa mpira wa Kimarekani. Sharti lake lilikuwa televisheni ionyeshe namba ya telefone ya shirika lake la kusaidia watoto wa Sudan. Alishinda pambano, na feza zake zikaenda kule kule. Akavaa jezi ya ekipe ya hoki ya barafuni, yeye mwenye hakujua kuteleza. Akavaa nguo za mpanda farasi wa mashindano. Wenye walimuonea huruma walisema amekuwa kichekesho. Ila alikuwa kichekesho tangu 1985, na tangu 1985 alijua kichekesho hicho kina bei gani.

Shule kuliko bunduki

Mwaka 2004 teksi yenye ilimbeba ilipata ajali jimboni Connecticut, akarushwa nje na kuvunjika mfupa wa shingo. Alipona, lakini kutembea kukawa kazi. Wachezaji wa zamani walimchangia. Mwaka unaofuata, tarehe 9 Januari 2005, amani ya kusini na kaskazini ikatiwa sahihi Nairobi.

Miaka yake ya mwisho alikaa Olathe, jimbo la Kansas, na mawazo yake yalikuwa juu ya shule. Pamoja na shirika la Sudan Sunrise alitaka kujenga shule 41, na ya kwanza iwe kwao Turalei. Kuna jambo moja hapa lenye halisemwi sana. Watu wa Darfur, Waislamu, wengi wao walikuwa katika jeshi la Khartoum lenye liliunguza vijiji vya Wadinka. Baadaye Khartoum hiyo hiyo ikageukia Darfur. Bol hakusema wacha nao waonje. Alisimama pamoja nao, na watu wa Darfur walikuja kusaidia kujenga shule ya Turalei, kijiji cha watu wenye walikuwa maadui. Yule mwenye zamani alitoa feza kwa jeshi, alimaliza maisha akitafuta saruji na mabati.

Mwaka 2010 alienda kule kuangalia kazi ya shule, akabaki kusaidia uchaguzi wa mwezi wa Aprili. Akarudi mgonjwa. Figo zilikuwa zimechoka, na mwili wake ulikataa dawa alizokunywa akiwa safarini, ngozi ikaharibika vibaya. Akafia hospitali ya Charlottesville, Virginia, akiwa na miaka 47. Ibada ilifanyika katika kanisa kuu la Washington, na mwili ukarudishwa Turalei, ukazikwa kwao.

Hakuona uhuru wa nchi yake, tarehe 9 Julai 2011. Hakuona pia watu wa Abyei wakikimbilia Turalei mwezi wa Mei mwaka huo, wala vita vya ndugu kwa ndugu vya Desemba 2013.

Chenye kimebaki

Mkongomani atauliza: na Mutombo? Wawili hawa walikuwa na kazi moja, kuzuia mpira, na moyo mmoja kwa nchi zao. Mutombo, mwenye alifariki tarehe 30 Septemba 2024, alijenga hospitali Kinshasa, ikafunguliwa 2007 kwa jina la mama yake, na aliiona ikitibu watu. Bol alitoa mapema, alitoa haraka, katikati ya moto, na mwisho mkono wake ulikuwa mtupu. Mmoja alipata muda wa kujenga. Mwingine alikuwa anazima.

Yule Luol Deng wa Cairo alicheza NBA miaka 15, kisha akawa kiongozi wa shirikisho la basketi la Sudan Kusini. Ekipe yao, yenye wachezaji wengi walikulia kambini ama ugenini, Kenya, Uganda, Misri, Australia, ilifika michezo ya Olimpiki ya Paris 2024. Mbele ya hapo, tarehe 20 Julai mjini London, ilipoteza kwa pointi moja tu mbele ya Marekani, 101 kwa 100. Kule kwenye Olimpiki ilishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Nchi yenye haina viwanja vya kutosha. Mtoto wa Manute, Bol Bol, mwenye alizaliwa Khartoum mwaka 1999, naye aliingia NBA mwaka 2019.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, pleyofu zikirudi na ukaamka saa saba ya usiku, ukiona mtu mrefu anatoka chini ya kikapu, anaenda kusimama mbali na kutupa mpira wa pointi tatu, umwambie mtoto mwenye umekaa naye: ile ilifanywa na mtu wa jirani, kule Oakland, mwaka 1989. Halafu umwambie pia mshahara wake ulienda wapi. Hiyo ya pili ndiyo watu wanasahau.